ROMEO NA JULIET: MSHENGA HAKUFIKA VERONA

Nilikwenda Mosocho kutafuta ila. Msomaji wangu na anisamehe kwa kuanza na ungamo hilo, lakini pasipo hilo maneno yatakayofuata hayatakuwa na miguu ya kusimamia.

Miezi minne kabla ya safari hiyo, mzee mmoja wa mtaani petu, mtu mwenye heshima zake, alinijia barazani baada ya swala ya alasiri. Akanywa kahawa kikombe kimoja, kisha akalitoa lililomleta. Alikuwa mshenga. Alileta posa ya kijana mmoja kwa binti yangu. Kijana mwenyewe nilikuwa nikimwona msikitini. Ana kazi, ana adabu, na Kurani anaisoma vizuri. Lakini baba yake ni mtu wa bara, Mkisii aliyekuja Mombasa kufanya kazi bandarini, akasilimu, akaoa huku huku. Kabla kikombe cha pili hakijamiminwa nilikwisha kumjibu yule mzee kwa lile neno letu la kale, kwamba hao si watu wetu.

Mzee hakukasirika. Aliniambia tu kwamba mtu hukataa alijualo, na asilolijua huliuliza kwanza. Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa changu. Ndipo nikafunga safari kwenda kwao babu yake kijana, nikijiambia kwamba naenda kuuliza, ilhali moyoni nikijua kwamba naenda kutafuta sababu ya kukataa mara ya pili.

Kutoka Mombasa hadi Kisii ni usiku mzima na sehemu kubwa ya mchana garini. Ukishafika mji wa Kisii unashika barabara ya Kisumu, na baada ya mwendo mfupi tu uko Mosocho, katika nchi ya Kitutu. Ni mahali pa vilima na migomba, mashamba madogo madogo yaliyopandana hadi kileleni, na mvua inayokuja mchana kama mtu mwenye miadi. Babu yake kijana alinipokea kwa mikono miwili. Chakula kilikuwa ugali wa wimbi na mboga wanazoziita chinsaga, ambazo sisi huziita mgagani. Palikuwa na kuku pia, nami nikasita. Mzee akacheka. Akaniambia kwamba alimpeleka kuku huyo mjini tangu asubuhi, akachinjwa na Mwislamu, kwa kuwa alijua mgeni wake ni nani.

Nilikuja kutafuta ila, na ila ya kwanza niliyoikuta ni hiyo.

JULIET ALIKUWA MVULANA

Alasiri ile mzee aliniambia kwamba mjukuu wake mwingine ni mwanafunzi katika shule moja ya sekondari ya wavulana hapo karibu, na kwamba vijana wataonyesha mchezo. Tukaenda pamoja, yeye na fimbo yake, mimi na kofia yangu. Mchezo wenyewe ulikuwa Romeo na Juliet wa Shakespeare, ambao wanafunzi waliugeuza kwa Kiswahili wao wenyewe, wakifuata njia aliyoitengeneza Mwalimu Julius Nyerere alipotupa Julius Caezar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Kiswahili chao kilichechemea hapa na pale, lakini kilifika.

Shule ni ya wavulana, kwa hivyo Juliet alikuwa mvulana aliyejifunga leso. Watoto wadogo waliokuja kutazama walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka, kwa sababu ndivyo ulivyochezwa tangu mwanzo. Mchezo huu uliandikwa kiasi cha mwaka 1595, na katika Uingereza ya wakati huo wanawake hawakupanda jukwaani katika majumba ya michezo. Sehemu zao zilichezwa na wavulana ambao sauti zao hazijavunjika. Hata hao waungwana wa London walimtazama Juliet wa kwanza akiwa mvulana. Mjukuu wa mwenyeji wangu alikuwa yaya wa Juliet, naye kwa kweli ndiye aliyechekesha kuliko wote.

Kwa msomaji ambaye hakukutana na mchezo huu darasani, kisa chenyewe ni hiki. Katika mji wa Verona, nchi ya Italia, kuna nyumba mbili kubwa, za Montague na Capulet, zenye uadui wa zamani ambao hakuna tena anayejua ulianzaje. Romeo wa kwa Montague anajipenyeza usiku wa Jumapili katika karamu ya kina Capulet akiwa amefunika uso. Anamwona Juliet, naye Juliet anamwona. Usiku huo huo wanazungumza, yeye bustanini na binti dirishani juu. Jumatatu padri mtawa, Laurence, anawaoza kwa siri. Siku hiyo hiyo Tybalt, binamu yake Juliet, anamwua Mercutio, rafiki wa Romeo, na Romeo kwa hasira anamwua Tybalt. Mtawala wa mji anamfukuza Romeo. Baba yake Juliet, asijue kwamba binti yake keshaolewa, anaamuru aolewe na bwana mkubwa mmoja, Paris. Padri anampa Juliet dawa ya kumlaza saa 42 kama maiti, na anamwandikia Romeo barua ya kumweleza hila hiyo. Barua haifiki. Romeo anasikia kwamba mkewe amekufa, ananunua sumu, anakwenda kaburini, anakutana huko na Paris na kumwua, kisha anakunywa sumu. Juliet anazinduka, anamwona mumewe maiti, anajichoma kwa jambia la mumewe. Hapo ndipo wazee wa nyumba mbili wanapopeana mikono, juu ya miili ya watoto wao.

Haya yote, kuanzia karamu hadi kaburi, yanachukua siku tano hivi.

WA KULAUMIWA NI NANI?

Mchezo ulipokwisha mwalimu aliwataka wanafunzi waseme nani wa kulaumiwa. Wengi waliwalaumu vijana: mapenzi ya haraka, kukosa utiifu, na kujiua, ambako hakuna dini inayokuridhia. Wengine walimlaumu padri. Mmoja akamlaumu aliyechelewesha barua, naye alijibiwa na mwenzake kwamba mjumbe yule alifungiwa ndani ya nyumba iliyoshukiwa kuwa na tauni, na sisi tulioyaona ya karantini mwaka 2020 tusimseme vibaya.

Mwenyeji wangu alinyanyua fimbo yake akaomba ruhusa ya kuuliza. Swali lake lilikuwa fupi. Aliuliza: katika mji huo wote, esigani alikuwa nani?

Wanafunzi walicheka, kisha wakanyamaza. Esigani kwa Kikisii ni yule mtu wa kati anayetumwa kwenda kuuliza uchumba, kuchunguza nyumba ile na hii, na kupeleka maneno huku na huku mpaka ng'ombe wakubaliwe. Kwetu ndiye mshenga. Mzee alisema ameona wajumbe wengi katika mchezo ule: yaya anakwenda na kurudi, padri anakwenda na kurudi, barua zinaandikwa, kamba ya kupandia dirishani inabebwa. Lakini wajumbe wote hao wametumwa kwa vijana. Hakuna hata mmoja aliyetumwa kwa baba.

Mwanafunzi mmoja alisimama akapinga, na upinzani wake ulikuwa na nguvu. Alisema kwamba katika uadui kama ule anayekwenda kuposa atakatwa kichwa mlangoni. Mzee akamjibu kwamba ndiyo maana esigani hawi ndugu wa muoaji wala rafiki yake wa kunywa naye pombe. Huwa mtu ambaye nyumba zote mbili zinamwonea haya.

MLANGO ULIRUDISHWA TU

Usiku ule, kwa taa ya chumba cha wageni, niliusoma upya mchezo kwa jicho la yule mzee. Nikaona jambo ambalo miaka yote sikuliona.

Sisi huamini kwamba Capulet ni baba jabari tangu mwanzo. Sivyo. Katika sehemu ya kwanza Paris anapokuja kumposa Juliet, baba anamjibu kwa busara. Anasema binti bado mdogo, asubiri miaka miwili, na auvute moyo wake kwanza, kwa kuwa ridhaa ya baba ni sehemu tu ya ridhaa ya binti. Katika mazungumzo hayo hayo anasema kwamba kwa wazee kama yeye na Montague si vigumu kukaa kwa amani. Kisha katika karamu, Tybalt anapomtambua Romeo na kutaka kumpiga, ni Capulet huyo huyo anayemzuia na kumkaripia. Tena anamsifu Romeo mbele ya watu: mji wote unamtaja kuwa kijana mwenye tabia njema.

Basi, msomaji, hebu tuyapime hayo. Baba wa binti amechoka na ugomvi. Amekiri kwamba ridhaa ya binti ni lazima. Amemsifu kijana kwa kinywa chake mwenyewe, usiku ule ule vijana wanapopendana. Mlango wa nyumba ile haukuwa umefungwa kwa komeo. Ulikuwa umerudishwa tu, na hakuna aliyebisha hodi.

Na angekuwapo wa kubisha. Mtawala wa mji alikuwa jamaa ya Mercutio na jamaa ya Paris, naye alitaka amani kuliko mtu yeyote. Padri Laurence aliheshimiwa na nyumba zote mbili, na aliwaoza vijana akitumaini kwamba ndoa yao itaugeuza uadui uwe mapenzi. Nia yake ilikuwa njema na hesabu yake ilikuwa sawa, ila aliisitiri dawa mahali ambapo mgonjwa hawezi kuinywa. Ndoa isiyojulikana haiwezi kupatanisha watu wasioijua. Romeo alipokwenda kumsihi Tybalt kwa upole, kwa kuwa sasa ni shemeji yake, Tybalt hakuelewa, aliona dharau. Laiti angejua, pengine upanga ungebaki alani.

Capulet jabari tunamwona baadaye, Tybalt akiwa amekwisha kufa. Kwa msiba na haraka anamlazimisha Juliet kuolewa, anamtukana, anamtisha kwamba akikataa atamtupa njiani afe na njaa. Ni yule yule aliyesema ridhaa ya binti ni lazima! Hasira na msiba vimemsahaulisha neno lake. Mama naye anampa mgongo. Yaya, aliyekuwa mjumbe wao wa siri, anamshauri amsahau Romeo na aolewe na Paris, kana kwamba ndoa ni khanga ya kubadilisha. Kuanzia hapo Juliet hana mtu mzima hata mmoja wa kumwambia ukweli, ila padri na chupa yake.

Jambo jingine linastahili kutajwa. Kisa hiki Shakespeare hakukibuni. Kilikuwa kimesimuliwa na Waitalia, na mwaka 1562 Mwingereza Arthur Brooke alikitunga kwa mashairi marefu. Brooke katika utangulizi wake aliwahukumu vijana kwa uasi wa kuwapuuza wazazi na kufuata ushauri wa wasengenyaji na mapadri. Juliet wake alikuwa na miaka 16, na mambo yake yalichukua miezi. Shakespeare aliiondoa hukumu ile. Akampunguza Juliet umri, akawa hajatimiza miaka 14, na miezi akaifanya siku. Kwa hivyo lawama ikahama. Mtoto wa miaka 13 anapokosa njia, wa kuulizwa ni wale waliokuwa na funguo. Leo Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataka miaka 18, nasi tunaweza kusema kwamba Juliet hakufaa kuolewa kabisa, na Romeo wala Paris hakustahili kumwoa. Ni kweli. Na baba yake alilisema hilo kabla yetu, kisha akalisahau.

NG'OMBE NA MANENO

Asubuhi nilimwuliza mwenyeji wangu: wao Wakisii walifanyaje pale nyumba mbili zilipokuwa na uadui? Akaniambia kwamba kwao hilo halikuwa jambo geni, bali ndilo lililokuwa kawaida. Abagusii wana koo zao kubwa, kina Kitutu, Nyaribari, Bobasi, Machoge, Mugirango na Wanjare. Mtu haoi katika ukoo wake, ni mwiko. Hana budi kwenda kuoa kwa wengine, na hao wengine zamani ndio waliokuwa wakinyang'anyana nao ng'ombe na kupigana mikuki. Wana hata msemo wa maana hiyo, kwamba wale tunaooana nao ndio tunaopigana nao. Philip Mayer, mtaalamu aliyewachunguza Abagusii katika miaka ya 1940, aliuandika msemo huo, na mwaka 1950 alichapisha kitabu kizima juu ya mahari yao na sheria zake.

Tazama tofauti. Verona uadui ulikuwa sababu ya kuzuia ndoa. Kwa Wakisii uadui ulikuwa mahali pa kuoa, sharti tu ng'ombe wapite mchana, mbele ya macho ya watu. Ng'ombe wa mahari wanapotoka boma moja kwenda jingine wanajenga njia, na njia hiyo hupitiwa baadaye na wajukuu.

Mzee hakunificha upande wa pili pia. Ng'ombe wa binti ndio kaka yake aliwatumia kuolea. Kwa hivyo binti akitoroka na kijana asiye na ng'ombe hutoroka na mke wa kaka yake. Hapo ndipo machozi ya kwao yalipoanzia. Katika miaka ya 1940 na 1950 mahari yalipanda mno, na vijana wengi wasio na mifugo wakaona njia ya pekee ni kutorosha. Mayer ameyaandika hayo, na mzee alikumbuka ya jamaa zake mwenyewe: ugomvi, mashitaka, binti kurudishwa kwao kwa nguvu. Mila iliyokuwa mlango ikawa ukuta, pale bei ilipozidi uwezo wa watu. Alisema hayo kwa huzuni, bila kumlaumu mtoto wala mzazi.

NA SISI WA PWANI

Sisi tuliokulia chuoni tunayo mizani yetu. Ndoa ya Kiislamu ina walii, ina mashahidi, na sunna yake ni kutangazwa. Hiyo ndiyo dawa ya siri. Lakini dini hiyo hiyo haikumpa baba rungu. Mtume (S.A.W.) alituagiza kwamba mwanamwali atakwe idhini, na kwa kuwa ana haya, kunyamaza kwake kuhesabiwe kuridhia. Bukhari amepokea habari ya Khansa binti Khidam, mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, ambaye baba yake alimwoza tena asiyemtaka. Alikwenda kwa Mtume, na ndoa ile ikavunjwa. Kitabu hicho kina pia habari ya Mughith, aliyekuwa akizunguka njia za Madina nyuma ya Barira, machozi yakimtiririka ndevuni, kwa kuwa Barira ameachwa huru na hamtaki tena. Mtume alimwombea kwa Barira. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Alipoambiwa kwamba ni kuombea tu, alikataa, na hakuna aliyemlaumu. Hapo tunamwona bora wa viumbe akiwa mshenga: anabeba maneno ya mwenye kupenda, na anaiheshimu kauli ya mwenye kukataa.

Najua pia kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii baba ana mamlaka ya kumwoza mwanamwali wake. Lakini mashekhe waliyafunga mamlaka hayo kwa masharti, miongoni mwake kwamba pasiwe na uadui wa wazi baina ya baba na binti, na mume awe kufu yake. Na kumtaka binti shauri ni jambo lililopendekezwa. Sasa tuwapime Montague na Capulet. Shakespeare anatuambia tangu mwanzo kwamba nyumba hizo zililingana kwa hadhi. Dini moja, mji mmoja, kufu imetimia. Hapakuwa na katazo la Mungu baina ya watoto hao. Palikuwa na katazo la watu tu.

Mambo hayo mawili hayana budi kutenganishwa. Sisi Waswahili tunaye Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja. Nyumba yake ilipakana na ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Ruete, na wakafahamiana kutoka dari hadi dari, kama Juliet na dirisha lake. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri katika manowari ya Kiingereza. Mwaka 1867 huko Aden akabatizwa na kuolewa. Mumewe alikufa mwaka 1870, naye akaishi ugenini kwa miaka mingi ya upweke, hadi alipofariki mwaka 1924. Pale mshenga asingaliweza kitu, kwa kuwa mwanamke wa Kiislamu haozwi asiye Mwislamu. Huko ni kukatazwa na sheria, na machozi yake ni ya namna nyingine. Lakini sisi, ni mara ngapi tumelivisha katazo letu wenyewe kilemba cha katazo la Mungu?

Na sisi washairi tuna la kujibu pia. Kais wa Bani Amir, anayeitwa Majnuni, hakuificha siri yake kama Romeo. Yeye aliitangaza kwa mashairi, mpaka jina la Leila likawa midomoni mwa kila mtu, na baba yake Leila kwa kuona aibu akamnyima. Mmoja alificha mno, mwenziwe alitangaza mno. Mmoja alikufa kaburini, mwenziwe alikufa jangwani. Baina yao ipo njia ya kati, nyembamba lakini imenyooka: mtu mzima mwenye heshima anayekuja alasiri, anayekunywa kahawa, na kusema kwa sauti ya chini lililomleta.

Njia hiyo ilifika nyumbani kwangu, nami niliifunga kabla ya kikombe cha pili.

KURUDI

Sikupata ila Mosocho. Niliuliza majirani, niliuliza sokoni, niliuliza msikitini mjini Kisii. Nilichopata ni mzee aliyechunga haramu na halali ya mgeni wake bila kuambiwa, na aliyenifunza mchezo ambao nimeusoma tangu ujanani. Nilipomwaga alinishika mkono, akaniambia kwamba hatanisemea lolote kuhusu mjukuu wake, kwa sababu babu si esigani. Akanitakia safari njema.

Nilipofika nyumbani nilimwita binti yangu. Ana miaka 24, amesoma kuliko mimi. Nikamweleza kwamba posa ililetwa na kwamba mimi niliijibu bila kumwuliza. Kisha nikamwuliza. Akanyamaza.

Nilikuwa nikijua sheria ya kunyamaza. Lakini niliutazama uso wake, nikakumbuka Juliet mbele ya baba yake, naye pia alifika mahali akakosa la kusema. Kunyamaza kwa haya na kunyamaza kwa hofu vina sauti moja. Anayeweza kuvitofautisha ni yule tu ambaye haogopwi. Basi nikaondoka, nikamwachia mama yake akae naye, na nikamwambia mama yake kwamba lolote litakalosemwa, ndiyo au la, halitampunguzia binti kitu kwangu.

Alisema. Alilolisema ni lake na la nyumba yetu. Ninaloweza kumweleza msomaji ni kwamba yule mzee wa posa nimemwita tena barazani, nimemtaka radhi kwa haraka yangu, na safari hii kahawa tuliinywa mpaka dele likakauka.

Kina baba wenzangu, hasa nyinyi ambao watoto wenu wana jambo ambalo bado hawajathubutu kulisema, nawaachia ubeti huu mmoja:

Mlango ukirudishwa, usiseme umefungwa,
Neno jema hufikishwa, kwa adabu likipangwa,
Wazee wakizindushwa, nyoyo zao zitaungwa,
Mshenga asipotumwa, maiti huwa wajumbe.